Familia za Kiitaliano na biashara ya chakula Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukitaja Waitaliano wa Marekani na chakula, wengi huwaza pizza na tambi. Pizza ina nafasi yake, na tutaifikia. Lakini ukifuatilia fedha utakuta familia hizi zilipata utajiri mkubwa zaidi kwenye karanga, ndizi, maji ya machungwa, brokoli, jibini ya viwandani, na katika kisa kimoja, tambi za Kichina. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayojirudia zaidi. Majibu mengine ni marefu kwa sababu habari yenyewe ni ndefu.

Walitoka sehemu gani za Italia, na kwa nini walikwenda wengi namna ile?

Kati ya mwaka 1880 na 1924, zaidi ya Waitaliano milioni 4 waliingia Marekani. Wengi walitoka kusini: Sisilia, Calabria, Campania, Basilicata na Abruzzo. Italia ilikuwa imeungana kuwa taifa moja mwaka 1861, lakini muungano ule haukumletea mkulima wa kusini neema. Ulimletea kodi na wito wa kwenda jeshini, huku ardhi ikibaki mikononi mwa wenye mashamba makubwa. Alilima shamba la mtu na kugawana naye mavuno, na mwaka wa ukame hapakuwa na cha kugawana.

Wengi hawakuondoka kwa nia ya kuhama. Walikuwa wanaume wenye nguvu waliokwenda kuchuma: kutandika reli, kuchimba mitaro, kushuka migodini, kisha kutuma fedha nyumbani na kurudi. Waliorudi ni wengi mno. Waliobaki wakaita wake na ndugu, na hao ndio waliofungua maduka.

Mwaka 1924 Marekani ilipitisha sheria ya mgao wa wahamiaji iliyowafungia mlango watu wa kusini mwa Ulaya. Sheria hiyo iligusa biashara moja kwa moja. Tangu hapo mwenye duka hakupata tena mteja aliyeshuka melini wiki iliyopita, mwenye hamu ya chakula cha kwao. Akitaka kukua, ilimlazimu amgeukie jirani Mmarekani.

Kwa hiyo walikuja na mapishi yao, wakayauza?

Hilo ndilo linaloaminika, lakini si kweli, au ni kweli nusu. Mkulima wa Calabria au Basilicata hakuwa akila tunachokiita leo chakula cha Kiitaliano. Alikula mkate mweusi, maharage, mboga za kuchuma porini, njegere, vitunguu. Nyama aliiona sikukuu. Hata tambi kavu za ngano, katika vijiji vingi, zilikuwa chakula cha watu wa mjini na cha siku maalumu.

Marekani mshahara ulikuwa mdogo kwa Mmarekani, lakini ulitosha kununua nyama kila wiki. Ndipo sahani za sikukuu zikawa za kila siku na nyama ikaongezwa. Spageti yenye madonge makubwa ya nyama ya kusaga juu yake ni zao la Marekani. Italia madonge ya nyama yapo, ila ni madogo na huliwa peke yake au kwenye supu. Kuku wa kukaanga aliyefunikwa mchuzi wa nyanya na jibini ana asili ya bilinganya iliyopikwa hivyohivyo, kabla ya kuku kuwa rahisi. Jikoni zile zilimchanganya Msisilia na Mnapoli, watu ambao kwao wasingekula sahani moja wala kuelewana lugha vizuri.

Mtaji waliupata wapi?

Mkokoteni ndio uliokuwa duka la kwanza la wengi. Ulikodishwa kwa siku, ukajazwa matunda au mboga kutoka soko la jumla alfajiri, na jioni hesabu ikafungwa. Ukiendelea kidogo unapata kibanda, halafu chumba cha mbele cha nyumba mnayoishi, watoto wakiwa wafanyakazi wasiolipwa. Kulikuwa pia na vyama vya kusaidiana vya watu wa kijiji kimoja, vilivyolipa mazishi na matibabu.

Benki za kawaida hazikuwataka. Hapa anaingia Amadeo Peter Giannini, na ukiniuliza mimi, mtu huyu aliigusa biashara ya chakula ya California kuliko mpishi yeyote. Alizaliwa San Jose mwaka 1870, wazazi wake wakiwa wametoka upande wa Genova. Alikua katika biashara ya jumla ya matunda na mboga ya baba yake wa kambo, Lorenzo Scatena, huko San Francisco. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mabondeni kununua mazao, hivyo aliwafahamu wakulima kwa nyuso, akajua nani analipa na nani ana maneno matupu. Mwaka 1904 alifungua Bank of Italy katika mtaa wa North Beach, ndani ya jengo lililokuwa baa, akawakopesha wauza samaki, wauza mboga na wakulima wadogo.

Tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko likaipiga San Francisco, na moto ukafuata. Giannini alitoa fedha za benki kwa magari ya farasi ya kubebea mboga, akizificha chini ya masanduku ya machungwa. Benki kubwa zilikuwa zimefungwa, makasha yao ya chuma yakiwa ya moto mno kufunguliwa. Yeye aliweka ubao juu ya mapipa mawili gatini na kuanza kukopesha, mara nyingi kwa neno na kupeana mkono tu. Mwaka 1930 benki ile ilichukua jina la Bank of America.

Nani alianzisha pizza Marekani?

Jina linalotajwa siku zote ni Gennaro Lombardi, mtaa wa Spring, New York, mwaka 1905. Watafiti wa karibuni wamechimbua majina ya waokaji wengine waliokuwepo kipindi hichohicho, kwa hiyo neno "wa kwanza" litumie kwa tahadhari. Baada yake walikuja Anthony Pero wa Totonno's, Coney Island, mwaka 1924, na Frank Pepe wa New Haven mwaka 1925. Mpwa wa Pepe, Salvatore Consiglio, naye alifungua Sally's mtaa uleule mwaka 1938, na hadi leo wenyeji wa New Haven hawajaacha kubishana nani kati ya mjomba na mpwa ana pizza tamu zaidi.

Wote hao walitumia matanuri ya mikate ya makaa ya mawe, na wateja wao walikuwa watu wa kwao. Hadi Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wamarekani wengi walikuwa hawajawahi kuonja pizza.

Je, Pizza Hut na Domino's ni za familia za Kiitaliano?

Hapana. Pizza Hut ilianzishwa mwaka 1958 Wichita, Kansas, na ndugu wawili wa ukoo wa Carney. Domino's ilianza mwaka 1960 Ypsilanti, Michigan, na ndugu wa Monaghan. Little Caesars ilianzishwa na Mike Ilitch, mtoto wa wahamiaji kutoka Makedonia. Olive Garden, mikahawa inayojitangaza kama meza ya familia ya Kiitaliano, ilizaliwa mwaka 1982 ndani ya General Mills, kampuni ya unga na nafaka za kifungua kinywa.

Waitaliano walitengeneza hamu ya pizza, wengine wakaipeleka kila kona. Ila subiri swali la jibini hapo mbele.

Chef Boyardee alikuwa mtu kweli?

Kweli kabisa, na alikuwa mpishi hodari, jambo ambalo yale makopo ya tambi yenye jina lake hayamtendei haki. Ettore Boiardi alizaliwa Piacenza, kaskazini mwa Italia, mwaka 1897. Akiwa kijana wa miaka 16 alimfuata kaka yake Paolo, aliyekuwa akifanya kazi katika hoteli ya Plaza, New York, akaingia jikoni hapohapo. Baadaye akahamia Cleveland, na katikati ya miaka ya 1920 akafungua mkahawa wake, Il Giardino d'Italia.

Wateja waliupenda mchuzi wake wa nyanya kiasi cha kuomba wa kwenda nao nyumbani. Akawa anawajazia kwenye chupa za maziwa, pamoja na tambi mbichi na jibini. Mwaka 1928 yeye na ndugu zake wakasajili kampuni. Wauzaji wa Kimarekani walikuwa wakilitafuna jina la ukoo, basi likaandikwa kwenye kopo vile linavyotamkwa.

Mwaka 1938 kiwanda kilihamia Milton, mji mdogo wa Pennsylvania, ambako wakulima wa jirani walianza kulima nyanya kwa ajili yake. Vita vilipokuja, kiwanda kikafanya kazi usiku na mchana kulisha jeshi. Vita vikaisha, maagizo ya jeshi yakaisha, na kulikuwa na maelfu ya wafanyakazi wa kulipwa. Mwaka 1946 familia ikauza kampuni kwa American Home Foods. Boiardi aliendelea kuonekana kwenye matangazo na kofia yake nyeupe hadi miaka ya 1970, mali ikiwa si yake tena. Alifariki mwaka 1985.

Watu wa mapishi humcheka kwa tambi laini za kopo. Mimi naona alifanya kazi ngumu kuliko wanavyodhani: alimfikia mama wa mashambani kabisa, asiyemjua Mwitaliano hata mmoja, akamfanya apashe moto spageti Jumanne jioni bila woga.

Karanga zinahusiana vipi na Waitaliano?

Kampuni ya karanga ya Planters, yenye nembo ya karanga iliyovaa kofia ndefu na miwani ya jicho moja, ilianzishwa na Waitaliano wawili. Amedeo Obici alizaliwa Oderzo, karibu na Venisi, mwaka 1877. Alivuka bahari peke yake mwaka 1889, bado mtoto, bila Kiingereza, kwenda kwa mjomba wake Pennsylvania. Akafanya vibarua, akapata kibanda cha matunda Wilkes-Barre, akanunua mashine ya kukaangia karanga. Harufu ndiyo iliyokuwa tangazo.

Mwaka 1906 aliungana na Mario Peruzzi, ambaye baadaye alimwoa dada wa Obici, wakaunda Planters. Wengine waliuza karanga kwa kupima kutoka kwenye gunia, na mnunuzi hakujua zimekaa tangu lini. Obici aliziuza zimemenywa, zimetiwa chumvi, ndani ya pakiti ndogo yenye jina, kwa bei ambayo mtoto wa shule aliimudu. Mwaka 1913 alijenga kiwanda Suffolk, Virginia, penye wakulima wenyewe, akawaruka madalali. Mwaka 1916 kampuni ikatangaza shindano la nembo, na mchoro ulioshinda ulikuwa wa mwanafunzi aitwaye Antonio Gentile, naye mtoto wa familia ya Kiitaliano. Msanii akaongezea kofia na miwani.

Angalia alichouza Obici. Karanga si chakula cha Kiitaliano hata kidogo.

Kuna wengine waliotajirika kwa vyakula visivyo vya kwao?

Wengi, na kwangu mimi hili ndilo fungu lenye mafunzo mengi zaidi kuliko habari zote za pizza.

Ndugu wa Vaccaro, Wasisilia wa New Orleans, walianza kuleta matunda kutoka La Ceiba, Honduras, mwaka 1899. Biashara ilikuwa ni mbio dhidi ya kuoza, kwa hiyo wakanunua viwanda vya barafu vya mji hadi mmoja wao, Joseph, akaitwa mfalme wa barafu. Kampuni yao ikawa Standard Fruit, moja ya makampuni makubwa ya ndizi duniani, ambayo mwishowe iliingia ndani ya kampuni ya matunda ya Dole. Historia yake Honduras haipendezi: makampuni ya ndizi yalikuwa na sauti serikalini kuliko wananchi.

Anthony Rossi alizaliwa Messina mwaka 1900, akafika New York mwaka 1921, akaendesha duka la vyakula, kisha akashuka Florida. Huko alianza na masanduku ya zawadi ya machungwa yaliyouzwa New York. Mwaka 1947 alianzisha kampuni iliyokuja kuitwa Tropicana. Wakati ule maji ya machungwa ya dukani yalikuwa ama ya kopo, yenye ladha ya kupikwa, ama ya kugandishwa na kuongezwa maji. Rossi alitaka mteja apate maji yaliyokamuliwa tu. Mwaka 1954 alianza kutumia njia ya kuyapasha joto kwa sekunde chache na kuyapoza mara moja, akayajaza kwenye maboksi ya karatasi. Baadaye akawa na meli yenye matangi ya kupeleka maji hayo New York, kisha treni nzima ya mabehewa ya baridi. Mwaka 1978 aliuza kwa kampuni ya Beatrice.

Stefano na Andrea D'Arrigo, nao watu wa Messina, ndio waliomzoesha Mmarekani brokoli. Katika miaka ya 1920 walipanda brokoli California kwa mbegu za kutoka Italia, wakazipakia kwenye mabehewa yenye barafu hadi Boston. Mboga iliyokuwa haijulikani ikapewa jina na picha ya mtoto wa Stefano, Andy Boy, wakati ambapo mboga karibu zote ziliuzwa bila jina. Familia bado iko shambani.

Halafu yupo Jeno Paulucci. Baba yake alikuwa mchimba chuma huko kaskazini mwa Minnesota, mama yake akiendesha duka dogo la vyakula. Jeno aliona watu wakiotesha chipukizi za maharage ndani ya matangi ya maji, akakopa dola 2,500, akaanza kuzikuza. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa anauza vyakula vya Kichina vya kopo kwa jina la Chun King. Chakula kilionekana kimepooza mno kwa mtu wa kwao, basi akakikoleza viungo kama vya mama yake. Mwaka 1966 aliiuza kampuni kwa R. J. Reynolds, watengenezaji wa sigara, kwa dola milioni 63, taslimu. Akarudi na sambusa ndogo zenye mchuzi wa pizza ndani, akazitengeneza kwa mashine ileile aliyokuwa akitumia kwa vyakula vya Kichina.

Wanafanana wapi hawa? Wengi wao walitoka kwenye kibanda au duka la vyakula, wakakomalia kufungasha, kupoza na kusafirisha. Walijua kuoza kunagharimu nini, kwa sababu mtaji wao wa kwanza uliozea mikononi mwao.

Wanawake walikuwa wapi?

Kila mahali, isipokuwa kwenye kibao cha duka. Mwanamke wa Kiitaliano aliweka wapangaji wa kula na kulala, wanaume watano au sita wasio na wake, akawapikia na kuwafulia. Kodi zao ndizo zilizonunua mkokoteni, kisha duka. Mikahawa mingi ilianza hivyo, kwa mpangaji kuleta rafiki na rafiki kulipia sahani.

Rose Totino wa Minneapolis ni mfano ambao umeandikwa vizuri. Alizaliwa mwaka 1915 kwa wahamiaji wa Kiitaliano, akaacha shule akiwa na miaka 16 kwenda kufanya usafi majumbani, akaolewa na Jim, mwokaji mikate. Mwaka 1951 walitaka mkopo wa dola 1,500 wafungue duka la pizza. Watu wa benki hawakujua pizza ni kitu gani. Rose akawaokea moja, wakala, mkopo ukatoka. Mwaka 1962 wakaanza pizza ya kugandishwa, na mwaka 1975 wakaiuza kampuni kwa Pillsbury kwa dola milioni 20 hivi. Katika mapatano hayo Rose alipata cheo cha makamu wa rais wa Pillsbury, mwanamke wa kwanza pale kukikalia, na akaendelea kuhangaikia unga wa pizza usiwe kama karatasi.

Na ile habari ya wali na tambi ya boksi, Rice-A-Roni?

Domenico DeDomenico alikuwa na duka la mboga San Francisco. Mkewe Maria, ambaye kwao walikuwa na kiwanda cha tambi, ndiye aliyemshawishi wafungue chao mwaka 1912. Kiwanda kilikuja kuitwa Golden Grain. Katika miaka ya 1940 mtoto wao mmoja, Tom, na mkewe walipanga chumba kwa bibi wa Kiarmenia aliyenusurika mauaji ya kimbari ya Waarmenia. Bibi yule alimfundisha mke wa Tom kupika pilau ya kwao: tambi nyembamba zilizokatwakatwa na kukaangwa kwenye siagi hadi ziwe za hudhurungi, kisha wali na supu ya kuku. Msomaji wa pwani aliyekuzwa kwa tambi za kukaanga ataielewa mara moja.

Miaka ilipita, ndugu wa Tom aitwaye Vince akachanganya wali, tambi na unga wa supu ya kuku ndani ya boksi moja, na mwaka 1958 ikaingia madukani. Kwenye matangazo iliitwa chakula cha San Francisco. Ukweli ni kwamba ni pilau ya Kiarmenia iliyofungashwa na Waitaliano, ikanunuliwa na kampuni ya shayiri ya Quaker Oats mwaka 1986. Golden Grain ilikuwa pia imeinunua Ghirardelli, kiwanda cha chokoleti kilichoanzishwa San Francisco mwaka 1852 na Domenico Ghirardelli wa Rapallo.

Marufuku ya pombe iliwafanya nini wenye mvinyo?

Kati ya 1920 na 1933 kuuza pombe kulikatazwa Marekani. Lakini sheria iliruhusu kila nyumba kutengeneza hadi galoni 200 za juisi ya matunda kwa mwaka, na juisi ya zabibu ikiachwa kwenye pipa hujua yenyewe la kufanya. Zabibu mbichi zikapanda bei. Cesare Mondavi, aliyekuwa amefanya kazi migodini Minnesota, alitumwa California na wenzake kununua zabibu za kutosha chama chao chote. Akaona faida, akahamisha familia Lodi, akawa msafirishaji. Mwanawe Robert ndiye aliyefungua kiwanda cha mvinyo cha Napa mwaka 1966, baada ya kugombana na mdogo wake Peter na kuondolewa kwenye kampuni ya familia.

Ernest na Julio Gallo walianza Modesto mwaka 1933, marufuku ilipokuwa inaondolewa. Walikuwa wanajua kulima zabibu, hawakujua kutengeneza mvinyo wa kuuza. Walijifunza kwa vijitabu vya zamani kwenye maktaba ya mji. Mkopo wa dola 5,000 ulitoka kwa mama mkwe wa Ernest, Teresa Franzia. Leo ndiyo kampuni kubwa kuliko zote za mvinyo duniani, na bado ni ya familia.

Walibaguliwa?

Ndiyo, na wakati mwingine kwa damu. Mwezi Machi 1891 umati wa New Orleans ulivamia jela na kuwaua Waitaliano 11. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo, magazeti yaliwachora kama watu wa visu, na wafanyakazi wa ustawi wa jamii waliingia majumbani kuwafundisha kina mama waache vitunguu saumu na mafuta ya zeituni wapike viazi na maziwa.

Vita Kuu ya Pili ilipoingia, Waitaliano kama 600,000 ambao hawakuwa na uraia waliandikishwa kuwa wageni maadui. Kwenye pwani ya California wavuvi wengi wao walikatazwa kwenda baharini. Mmoja alikuwa baba yake Joe DiMaggio, mchezaji wa besiboli aliyependwa kuliko wote wakati ule. Mzee hakuruhusiwa hata kufika gatini San Francisco. Amri ilifutwa Oktoba 1942.

Vipi kuhusu mafia?

Ilikuwepo, na waliokamuliwa zaidi walikuwa wafanyabiashara wa Kiitaliano wenyewe. Kisa kinachojulikana ni cha artichoki, mboga ambayo familia za Kiitaliano zilihitaji mezani na California ndiyo iliyoilima. Ciro Terranova, mmoja wa wakubwa wa mafia, alihodhi soko lake New York kwa vitisho. Asubuhi moja ya Desemba 1935, Meya Fiorello La Guardia, naye mtoto wa baba Mwitaliano, alikwenda soko la jumla la Bronx na wapiga tarumbeta, akasoma tangazo la kupiga marufuku uuzaji wa artichoki mjini. Siku chache baadaye alilifuta, bei zikiwa zimeshuka.

Kuifanya mafia kuwa ndiyo historia nzima ni kuwadhulumu maelfu ya wauza mboga waliolipa na kunyamaza.

Jibini ya pizza inatoka kwa nani?

Mike Leprino alitoka Basilicata na kuishia Denver, akilima na kuuza vyakula mtaa wa Waitaliano. Mwishoni mwa miaka ya 1950 maduka makubwa yaliifukuza familia sokoni. Mwanawe James aliona vijana wenzake wanakula pizza, akaanza kutengeneza mozzarella mwaka 1958 kwa mtaji wa dola 615. Aliwauzia wenye pizza badala ya wenye maduka. Pizza Hut ilipotanuka, akatanuka nayo, akabuni njia za kuikata, kuigandisha na kuisafirisha jibini bila kuharibika. Leo Leprino Foods ndiyo inayotengeneza mozzarella nyingi kuliko kampuni yoyote duniani, na wengi wanaoila hawajawahi kulisikia jina hilo.

Majina haya leo ni ya nani?

Mengi hayako tena kwenye familia. Planters imepitia mikono mingi na mwaka 2021 ilinunuliwa na Hormel, kampuni ya nyama. Progresso, iliyoanzishwa na Wasisilia wa New Orleans waliokuwa wakiagiza nyanya na mafuta kutoka kwao, iko General Mills. Rao's, mkahawa mdogo wa East Harlem wa mwaka 1896 ambao kupata meza ni shida, ulianza kuuza mchuzi wa chupa mwaka 1992. Mwaka 2024 Campbell's ilinunua kampuni yenye mchuzi huo kwa dola bilioni 2.7. Mkahawa wenyewe haukuwa sehemu ya mauzo.

Hawa wana uhusiano na Waitaliano wa Malindi?

Hapana, ni safari tofauti. Wa Malindi walianza kuja kwa wingi miaka ya 1960, wakati Italia ilipojenga kituo cha San Marco cha kurushia satelaiti karibu na hapo, kisha wakafuata watalii na wenye hoteli. Walikuja na fedha, wakanunua viwanja vya ufukweni. Tambi za Wasomali nazo ni habari ya ukoloni wa Italia. Wa Marekani walishuka melini na kifurushi cha nguo.